Lenzi Iliyolala Upande

Jumanne, 13 Januari

Chumvi na sabuni leo. Boti mbili za Burundi, moja ya Kongo. Nimesoma lebo za magunia hapa bandarini Kibirizi tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini. Jicho la kushoto nimelifumba, nimetumia la kulia. Ukungu umezidi. Zamani ulikuwa kama mvuke wa chai. Sasa ni maziwa. Nikitumia la kushoto ukungu hakuna, lakini kila herufi ina pacha wake wa kijivu, amelala upande kidogo. Tatu inakuwa nane.

Ninapokwama Bosco ananisomea. Karani mwenzangu, Muha wa Kasulu, mdomo mrefu, roho safi. Leo amesema mbele ya wapagazi: "Karani Rama ana macho mawili, moja la asubuhi, moja la jioni. La mchana bado linatafutwa." Wamecheka. Nimecheka. Nimeumia.

Saa za mchana hospitali wakapiga simu. Lenzi imefika! Timu ya upasuaji inaingia mjini kesho. Nimwone daktari Alhamisi, nipasuliwe Jumanne. Nimetetemeka mpaka simu ikaanguka mchangani. Bosco ameiokota, ameipuliza, ameniuliza nani kafa. Nimemwambia hajafa mtu, jicho langu linafufuka.

Furaha. Hofu. Sijui ipi inanitetemesha.

Jumatano, 14 Januari

Niandike ninavyoelewa, nitulie.

Nina miaka ishirini na nne na nina mtoto wa jicho. Watu wanadhani ni ugonjwa wa wazee. Mimi niliupata kwa dawa ya matone. Utotoni macho yaliniwasha vibaya, kila kiangazi, vumbi likipanda. Duka la dawa walituuzia chupa ndogo yenye nafuu ya papo hapo. Hakuna aliyetuambia ni ya siku chache tu. Niliitumia miaka. Iliondoa muwasho na taratibu ikapika lenzi ya jicho kama ute wa yai kwenye maji ya moto.

Mwaka jana walinipasua jicho la kushoto. Timu nyingine. Wakaweka lenzi ya kawaida. Ukungu ukaondoka siku ileile, nililia. Lakini kioo cha mbele cha jicho langu, konea, hakiko duara kama mpira. Kimebinuka kama yai. Kidonda cha upasuaji kilipopona kikakivuta zaidi. Hiyo ndiyo astigmatizimu. Mwanga ukiingia hauangukii mahali pamoja, unamwagika. Lenzi ya kawaida haijui habari hizo. Miwani inasaidia nusu, nusu inayobaki ni kichwa kuuma.

Na la kulia, nililokuwa nikilitegemea, sasa linafunga. Nikikosea na hili sina kazi. Karani asiyesoma lebo ni mpagazi asiye na mabega.

Naogopa.

Alhamisi, 15 Januari

Nimemwona daktari. Mzee. Nywele nyeupe zote, Mchaga, sauti ya chini inayokwaruza. Ana umri ambao baba angekuwa nao, labda zaidi. Nimempa shikamoo nimeinama, akaitikia bila kuinua uso kutoka kwenye mashine.

Amenieleza vizuri. Lenzi ziko aina aina. Ya kawaida, kama ya jicho la kushoto: inaona mbali, kusoma unavaa miwani, na konea iliyobinuka haiigusi. Ya pili ina hatua ndani yake, mbali na karibu kwa pamoja. Nikasema, hiyo! Niwekee hiyo! Nilijishangaa, mimi wa kupaza sauti. Akatikisa kichwa. Kwenye jicho lililobinuka hiyo ni balaa, taa zitakuwa na pete na herufi zitakuwa na moshi. Ya tatu inaitwa toriki. Yenyewe imebinuliwa makusudi, kinyume cha ubinukaji wa jicho. Viwili vikikutana vinafutana. Hiyo ndiyo waliyoagiza kwa vipimo vyangu vya mwezi uliopita. Ni moja. Hakuna ya akiba.

Halafu akasema neno lililonikaa. "Hii siyo ya kutumbukiza tu. Ina upande wake. Ikikaa sawa utanishukuru. Ikizunguka nyuzi chache, faida inapungua. Ikizunguka sana, bora ningekuacha na ya kawaida."

Nimetoka nikiwa na furaha. Nimepita sokoni Ujiji kumweleza shangazi, Shangazi Mwamini, aliyenilea. Alikuwa anapima mawese. Amesikiliza, kisha akamuuliza mteja wake: "Umesikia? Mwanangu anawekewa jicho la mwelekeo, kama dishi la televisheni." Soko zima sasa linajua.

Jumapili, 18 Januari

Mvua. Sijatoka. Nimeota mchana, usingizi wa baada ya wali: nasoma jina la boti likiwa bado mbali majini, kabla ya Bosco. Nimeamka nacheka. Shangazi akachungulia, akasema ningeanza na kusoma nyuso za watu ninaowapita bila salamu.

Kweli. Kuna wanaoniona nina kiburi.

Jumatatu, 19 Januari

Bosi amenipa ruhusa. Mama mkali, maneno machache. "Ukirudi tuone kama unabaki mezani." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana imeniogopesha.

Bosco amenifuata hadi barabarani. Ameniambia nisimwangalie yeye wa kwanza nikifunguliwa jicho, nitakata tamaa ya kuona. Akanipa machungwa. Mjinga mwema.

Kesho.

Jumatano, 21 Januari, asubuhi

Naandika kwa jicho la kushoto, kwa miwani, herufi kubwa kama za darasa la kwanza. La kulia limefungwa. Niandike ya jana kabla hayajapotea.

Tulikuwa wengi kwenye benchi, wazee watupu na mimi. Bibi mmoja wa Ilagala aliniuliza nimemsindikiza nani. Sista Yolanda, muuguzi wa hapa, alitutia matone ya kupanua mboni, tena na tena, mpaka ukuta mweupe ukawa moto.

Kabla ya kulala mezani kuna kutiwa alama. Daktari alieleza: mtu akilala chali jicho huzunguka kidogo lenyewe, kwa hiyo alama zinawekwa mtu akiwa ameketi wima, kichwa kimenyooka, kisha ndani wanazifuata hizo kupanga lenzi. Aliketi mbele yangu, magoti yetu yamegusana. Kalamu ya wino wa bluu. "Kaa wima. Nitazame usoni, katikati ya macho yangu. Usihame."

Sikuweza.

Uso wa mzee ulikuwa karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake. Mimi nimelelewa Ujiji, mtaa wa Kasingirima, kwa Shangazi Mwamini. Mkubwa akikukaribia hivyo unashusha macho, unampa upande wa shavu, shingo inalegea. Huo ndio mwili wangu, haukuniuliza. Kichwa kilikwenda begani. Najua kilikwenda. Nilihisi ukosi wa shati kwenye sikio. Wakati huohuo mtu akamwita daktari mlangoni, akamjibu, akagusa, akagusa, baridi mbili kwenye jicho, na akasema: "Tayari. Mlazeni."

Mezani, nimefunikwa uso, tundu moja tu la jicho, nikakumbuka maneno yake ya Alhamisi. Ina upande wake. Nilitaka kusema. Alikuwa ameniambia nisiongee wala nisitikisike. Ganzi imeingia, mashine inalia. Taa, rangi, maji, taa. Nilisikia akisema "toriki" na Sista akirudia. Kitu kikafunguka ndani ya jicho kama ua linavyofunguka, polepole, na akawa anakizungusha. Kuelekea alama. Alama zangu za heshima.

Sikusema.

Labda kichwa hakikuinama sana. Labda ni hofu yangu, inayokuza kila kitu.

Wananiita kufunguliwa.

Jumatano, 21 Januari, jioni

Rangi! Mungu wangu, rangi!

Sare ya Sista Yolanda si ya maziwa, ni nyeupe inayoelekea bluu. Kilemba cha shangazi kina nyuzi za dhahabu. Nje kuna mti wa mjohoro na kila jani limekatwa peke yake. Nimecheka kwa sauti, wazee kwenye benchi wakacheka, bibi wa Ilagala naye amefunguliwa jicho, akanitazama akasema: "Kumbe ni katoto kazuri hivi!" Tumepeana mikono kama watu walioponea boti moja.

Ndipo chati ya herufi. Mistari ya juu safi. Ya chini, pacha amerudi. Amelala upande, si upande wa yule wa jicho la kushoto, upande wake mwenyewe.

Sista amesema jicho bado limevimba, niwe mtulivu, tutapima tena Jumatatu. Nisiiname, nisibebe kitu, nisisugue. Sawa.

Nina furaha. Naiandika tena ili niiamini. Nina furaha.

Alhamisi, 22 Januari

Wageni tangu asubuhi. Pole ya jicho, pole ya jicho. Kila mmoja anaketi mbele yangu na kuniuliza anaonekanaje. Jirani yetu mzee Mpemba wa mikate nimemwambia ana madoadoa puani. Hakufurahi. Shangazi amenifinya.

Nimeliangalia dirisha. Nondo zilizolala ni kali kama zimechorwa kwa rula. Zilizosimama zina kivuli. Nimefumba, nimefumbua. Nimeosha uso kwa kitambaa kama nilivyofundishwa. Nimengoja mchana. Zilizosimama bado zina kivuli.

Kuvimba hakuchagui nondo.

Ijumaa, 23 Januari

Nimeswali nimeketi kwenye kiti, kwa kuwa siruhusiwi kusujudu. Nimekaa safu ya nyuma na wazee. Wakati wa hotuba sikusikia kitu. Nilikuwa najipigia hesabu ya shingo yangu. Ilikwenda kiasi gani? Kiasi cha mtu anayesikiliza siri. Kiasi cha mtu anayelala. Sijui.

Nikimwambia daktari, namwambia nini? Kwamba alikosea? Kijana wa jana, mbele ya wauguzi wake, anamwambia mzee mwenye nywele nyeupe kwamba kazi ya mkono wake imekaa upande? Hata ulimi wangu haujui njia ya maneno hayo. Na kama nimekosea mimi? Kama ni uvimbe kweli? Nitakuwa nimemtia aibu bure.

Nisipomwambia, basi. Macho mawili, pacha wawili.

Bosco amekuja jioni na salamu za kazini. Hakuna aliyeniuliza lini narudi, na hilo nalo limenitia wasiwasi. Nimemweleza. Ameweka mzaha kando. Kisha: "Kaka, gunia likiingia boti isiyo yake, unamwambia nahodha kabla hajang'oa nanga au baada?"

Nimemwambia nahodha huyu ni mzee.

"Wote ni wazee. Boti inaondoka vilevile."

Jumamosi, 24 Januari

Sista Yolanda amepiga simu. Timu ilikuwa ikae mpaka Jumanne, haingoji tena. Inaondoka Jumatatu asubuhi kuelekea Kasulu, barabara ya huko imeharibiwa na mvua, wanataka kuwahi. Jicho langu litapimwa na wao wa hapa, nisiwe na wasiwasi.

Nikamuuliza, kama mfano tu, lenzi ikiwa haijakaa sawa inafanywaje. Akasema hurudishwa mezani na kugeuzwa, lakini mapema. Ikikaa wiki, jicho huishika kama simenti, na hapa hakuna mwenye mkono wa kuigeuza. Akaniuliza kwa nini. Nikasema nilikuwa najifunza.

Najifunza! Mjinga. Mjinga mwoga.

Chakula hakikupita. Shangazi ameondoa sahani, ameketi mbele yangu, ameuliza nina nini. Nimemwambia yote. Kalamu, uso wa mzee, shingo, ukosi kwenye sikio. Nilidhani atasema ni mapenzi ya Mungu, nishukuru ninachoona.

Ameshika mashavu yake.  Halafu, taratibu, kama anayejisemea: "Nilikufundisha kuinamisha kichwa mbele ya wakubwa. Sikukufundisha kuwa bubu."

Nikasema nitamkosea adabu.

"Adabu ni namna ya kusema, Ramadhani. Siyo kutosema. Kesho tunakwenda. Ukishindwa wewe, nitasema mimi, na mimi adabu yangu ya sokoni unaijua."

Hiyo imeniamsha. Shangazi akisema yeye, hospitali nzima itahama.

Jumapili, 25 Januari

Nimesema! Nimesema! Niandike.

Tumekwenda kwa bajaji, dereva ameambiwa na shangazi akwepe kila shimo kama lina nyoka. Hospitali kimya. Masanduku ya timu yamefungwa kamba, yamepangwa barazani.  Daktari alikuwa kivulini anakunywa chai, amevua viatu. Mtu anayepumzika. Nikataka kurudi. Shangazi alikuwa nyuma yangu na sikupata nafasi ya kupita.

Shikamoo. Marahaba. Nikainama, nikajikumbusha nisiiname. Nikayasema maneno niliyoyapanga njia nzima: "Daktari, naomba radhi. Siku ya alama, mimi ndiye niliyeharibu. Uliniambia nikutazame, nikaona haya, kichwa changu kikalala upande. Nadhani alama zimelala nacho. Nondo zilizosimama zina kivuli, zilizolala hazina."

 Akaweka kikombe. Akanitazama, na mimi, kama mbwa asiyesikia, nikashusha macho tena na shingo ikaenda begani. Palepale. Mbele yake.

Akasema: "Hivyo hivyo?"

Nikasema hivyo hivyo.

Alicheka mpaka akakohoa. Si kicheko cha dharau. Akavaa viatu. Akaniingiza chumba cha mashine, matone, kungoja, mwanga. Lenzi hizi zina vidoti vidogo pembeni vya kuonyesha imeelekea wapi. Alivitafuta kwa muda, anapumua puani. Kisha akamwita Sista Yolanda naye aangalie. Kisha akasema: "Imekaa upande. Na si kidogo. Lenzi haijahama pale nilipoiweka, ila niliiweka upande wa shingo yako."

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatisha.

"Umenipa heshima yangu, ukaninyima jicho lako. Na mimi nilikuwa na haraka, nikapokea. Tumekosea wawili." Kisha mlangoni, kwa sauti kubwa: "Fungueni masanduku!"

Kijana wa mashine aliguna. Dereva aliguna. Akawaambia Kasulu haihami.

Kesho alfajiri. Nimeogopa? Ndiyo. Lakini ni hofu nyepesi, ina mabawa. Shangazi njia nzima amekuwa akimsimulia dereva wa bajaji kwamba yeye hakutia neno hata moja. Kweli hakutia. Imemgharimu.

Jumatatu, 26 Januari

Naandika kwa kushoto tena. Haraka.

Ameketi mbele yangu, magoti yamegusana, kalamu ya bluu. Safari hii amefunga mlango. Amemweka Sista ubavuni kwangu, ashike kichwa. Akaniambia: "Leo mimi si mzee. Ni mdogo wako. Nakudharau. Nitazame."

Sikuweza kucheka wala kutazama. Sista alishika masikio yangu kama mpini wa sufuria.

"Nitazame, Rama! Vidagaa vya Ujiji vina mchanga!"

Hapo nikamtazama. Kwa hasira, kabla sijajua. Vidagaa vyetu! Nimemkazia macho mzee wa watu, katikati kabisa, na nikaona: nyusi zake zina mvi nene zinazopinda, jicho moja lina mshipa mwekundu, na puani pana alama ya kudumu ya miwani. Sijawahi kumtazama mtu mzima hivyo maishani. Moyo ulipiga kama nimeiba. Baridi moja, baridi mbili. Sista akasema kichwa kimenyooka. Daktari akaomba aseme tena. Akasema tena.

Mezani ilikuwa fupi. Maji, taa, kitu kikizunguka ndani, kikasimama. Nilimsikia akiiambia lenzi: "Hapo. Kaa hapo, bibi."

Walipofunga masanduku kwa mara ya pili alikuja kitandani. Nilijaribu kuinuka nimsalimie. Akanisukuma kifuani kwa vidole viwili nilale. Akasema vidagaa vya Ujiji ni vitamu, alikula jana sahani mbili. Akaondoka. Nimesikia gari likishika barabara.

Nimepitisha siku nzima bila kugeuza kichwa. Shangazi ananilisha.

Jumanne, 27 Januari

Mstari wa chini.

Mstari wa chini wa chati! Nimeusoma wote, herufi moja nimekosa, Sista amesema hata yeye huikosa. Pacha hayupo. Nimemtafuta. Nimelihamisha jicho huku na huku kumtega, hayupo.

Nimetoka nje bila kuaga. Ziwa lote lipo chini pale! Limekatwa kwa wembe. Mvua imesafisha hewa na ng'ambo ya pili milima ya Kongo ina mikunjo, mikunjo kabisa, kama shuka lililolaliwa. Kuna boti inaingia. Nimesimama na mikono kiunoni nikaingoja. Jina lilikuwa na maneno mawili, jekundu, na nililisoma ikiwa bado mbali, nikalitamka kwa kelele, mlinzi wa lango akaniuliza kama nina ndugu ndani.

Sina! Sina mtu! Nasoma tu!

Nimemtumia Bosco ujumbe. Amejibu: "Sasa umeniona nilivyo mzuri." Nimemjibu sijafika huko.

Sista ameniambia mambo ya kweli nisilewe. Jicho linaweza kubadilika kidogo likipona. Kusoma karibu nitahitaji miwani, lenzi hii ni ya mbali. Jicho la kushoto litabaki na pacha wake. Miwani mipya itayapatanisha, nusu ya kushoto nzito, nusu ya kulia nyepesi. Nimesema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Angeniambia nitaota mkia ningesema ndiyo.

Nimelia kidogo chooni. Machozi yanaruhusiwa, nimeuliza.

Jumamosi, 31 Januari

Nilisema nitaandika kila siku, sikuandika. Nilikuwa natazama.

Kutu ya bati la jirani ina ramani. Mawese yakimiminwa yana uzi mwembamba mwishoni unaosita kabla ya kukatika. Mwandiko wangu ni mbaya, sikujua. Nina kovu chini ya kidevu ambalo shangazi anasema nililipata nikiwa na miaka mitatu.

Daktari amepiga simu kutoka Kasulu, namba amepewa na Sista, kuuliza jicho limekaaje. Nilisimama wima kuongea naye, chumbani peke yangu. Nilimwambia limekaa wima. Akasema sasa kila anayemtia alama anaanza kwa kumshika masikio, na wagonjwa wa Kasulu wanalalamika.

Jumatano, 4 Februari

Kazini. Saruji na unga. Bosi alinisimamisha mbali na magunia, akanionyesha kwa kidole, moja moja, nisome. Nilisoma. Aliongeza umbali. Nilisoma. Aliongeza tena mpaka wapagazi wakaanza kupiga makofi, na Bosco akasimama nyuma ya gunia la mwisho ameshika karatasi aliyoandika mwenyewe. Niliisoma kwa sauti kabla sijafikiri: "BOSCO NI MREMBO." Bosi amecheka! Sijui kama kuna mtu mwingine aliwahi kuliona hilo.

Ninabaki mezani.

Jioni nimemkuta mzee mmoja wa boti, amehamaki, anadai mzigo wake umepelekwa upande usio wake. Nilimpa shikamoo. Nikainua uso, nikamtazama, nikamwambia kwa upole kwamba mzigo ule si wake, lebo ina jina la mwingine. Alikasirika, kisha akaenda kuangalia, kisha akarudi akaketi karibu nami. Nilimpa maji.

Jumatatu, 9 Februari

Miwani mipya bado. Wamesema wiki ijayo.

Mvua ndogo tangu adhuhuri. Shangazi ametoka sokoni mapema na migebuka miwili, ameichoma, ameipaka chumvi na ndimu. Kwa kawaida hunichambulia miba kwanza, kisha hunisogezea sahani. Miaka mingi sasa. Leo amechambua nusu, mkono umesita, akanisogezea samaki wa pili mzima.

 

Nimekula polepole. Miba ni myembamba sana, karibu haina rangi, inaonekana ikiinuliwa mbali na uso na kugeuzwa kwenye mwanga wa mlango. Nimeipanga ukingoni mwa sahani. Alikuwa anaitazama jinsi ninavyoipanga. Kisha akavuta samaki wake, akaanza kula naye, kwa mara ya kwanza chakula chake kikiwa bado cha moto.